Fungu la Mgonjwa

Paukwa.

Pakawa.

Sogeeni karibu, watoto. Na nyinyi wakubwa mlioegemea ukuta kana kwamba hamsikilizi, sogeeni pia, maana ngano hii ni yenu zaidi. Haina kicheko kingi. Ina mgonjwa ndani yake, na penye mgonjwa watu husema kwa sauti ndogo. Paukwa tena, sasa kwa sauti ndogo.

Pakawa.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo wanyama walikuwa na mashemeji na mashangazi kama sisi, lilikuwapo kundi la mbwa mwitu. Waliishi nyikani, kando ya mto mwembamba wenye mikuyu. Masikio yao yalikuwa makubwa ya duara. Miguu yao ilikuwa mirefu. Ngozi zao zilikuwa na mabaka, meusi, mekundu, meupe, kama nguo iliyotiwa viraka. Walikula pamoja. Walilala pamoja. Walikimbia pamoja. Mmoja akipiga miayo, wote walipiga miayo. Mmoja akijikuna, wote walijikuna.

Mbele ya kundi alikimbia Bi Marakaraka. Swala akitoka mbio, Bi Marakaraka ndiye aliyemkata njia. Ti-ti-ti-ti, ti-ti-ti-ti, miguu minne kama ngoma. Kaka yake, Bwana Taya, ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi. Lakini hata Bwana Taya alikuwa akisema, "Mimi natoa amri tu. Nyama anatoa dada."

Bi Marakaraka alikuwa na mdogo wake wa kike, Bi Shungi. Aliitwa hivyo kwa sababu ya nywele zilizosimama utosini mwake. Bi Shungi hakuwa na mbio sana. Swala mzee alimshinda, na mara moja alishindwa hata na kanga. Lakini alimpenda dada yake kuliko alivyoipenda mifupa, na mbwa mwitu akikuambia hivyo, amini.

Sasa, kundi lile lilikuwa na desturi. Mbwa mwitu akiugua hakuachwa. Alilazwa kivulini, wengine wakaenda kuwinda. Wakiua, kabla ya yeyote kumeza tonge, ini lilitolewa. Mmoja alilibeba mdomoni, lisiguse vumbi, akampelekea mgonjwa. Liliitwa fungu la mgonjwa. Na wale waliomfuata nyuma waliimba hivi. Imbeni nami:

*Ini hili la nani? La mgonjwa.*
*Nani kalileta? Ampendaye.*
*Ale apone, ale apone,*
*ale arudi mbioni.*

Ni desturi nzuri, sivyo? Mimi nasema ni nzuri. Shikeni hilo, maana hakuna mnyama mbaya katika ngano hii.

Na mgonjwa akilikataa? Hakuna aliyewahi kulikataa. Kulikataa fungu ni kuukataa mkono ulioleta. Ni kusema: mimi si wenu.

Basi. Asubuhi moja Bi Marakaraka aliamka, akasimama, akaanguka. Pu. Kidole kimoja cha mguu wa nyuma kilikuwa kimevimba. Kilikuwa chekundu, kinang'aa, cha moto. Inzi alikuja, akatua juu yake. Bi Marakaraka alikuwa amewahi kuchomwa pembe ubavuni na pofu, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe, asitoe sauti. Siku hiyo alilia kwa sababu ya inzi.

"Ni mwiba, dada?" aliuliza Bi Shungi.

"Si mwiba."

"Ni nge?"

"Si nge. Ni kama mtu amekoka moto ndani ya mfupa."

Kundi likaenda kuwinda bila yeye. Likarudi na ini. Wakaimba. Akala. Jioni kidole kikazidi.

Kesho yake wakaleta ini na figo. Wakaimba. Akala. Goti nalo likavimba.

Wakasema, "Bado hajapata nguvu. Tumuongezee." Wakamuongezea. Wakaimba. Akala. Na goti la pili likavimba.

Akawa anatembea hivi: ti, ti, ti, kimya. Ti, ti, ti, kimya. Mguu wa nne haukutaka kugusa ardhi.

Akamwambia mdogo wake, "Shungi, nikiendelea kulala hapa nitaota mizizi. Nataka kukimbia tena mbele ya kundi. Sitaki kitu kingine duniani."

"Nenda kwa Bi Ndovu," alisema Bi Shungi. "Nitakusindikiza mpaka mtoni. Ng'ambo siendi. Miguu ya yule bibi naiogopa. Akikukanyaga kwa bahati mbaya, hata pole hutaisikia."

Bi Ndovu alikuwa mganga. Alikuwa ametibu wengi, na wengi amewazika, kwa hiyo hakuwa na haraka ya kusema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Lala chini. Usijikaze mbele yangu, nauona mguu unatetemeka."

Bi Marakaraka akalala. Bi Ndovu akanyoosha mkonga. Akakinusa kidole bila kukigusa. Fuu, fuu. Akainusa pumzi. Fuu, fuu.

"Unakula nini?"

"Nyama."

"Na nini?"

"Nyama, bibi. Mimi ni mbwa mwitu."

"Na tangu uanze kuumwa?"

"Ini. Na figo. Kila wakiua wananiletea. Wananipenda sana."

Bi Ndovu akapepea masikio.

"Naona kwamba wanakupenda," alisema. "Sikiliza nikueleze polepole. Ugonjwa wako unaitwa jongo. Nyama ikiliwa huacha kitu kama vumbi ndani ya damu. Wengine hulitoa vumbi hilo kwa mkojo, likaisha. Mwili wako hauwezi tena. Vumbi linabaki, linakuwa punje zenye ncha, zinajipenyeza kwenye viungo. Na katika nyama yote, hakuna inayoacha vumbi kama ini. Baada ya ini, ni figo."

Bi Marakaraka akakitazama kidole chake.

"Leo ni kidole na magoti," Bi Ndovu aliendelea. "Usipoangalia, punje zitafika kwenye figo zako mwenyewe. Zikifika huko, mimi sina dawa."

"Nifanyeje, bibi?"

"Acha nyama. Ini usilionje hata kwa ncha ya ulimi. Kunywa maji, na ukiyachoka, kunywa tena. Kula vitokavyo ardhini na vilivyoko mitini. Na kila mwezi ukiandama, njoo uniambie kweli ulichokula."

"Mbwa mwitu hula nyama, bibi."

"Ndiyo. Na mbwa mwitu hufa pia. Nimewaona."

"Majani yatanipa nguvu gani?"

Bi Ndovu alisimama tu. Bi Marakaraka akautazama mwili ule kuanzia nyayo mpaka masikio, akaona kwamba amejibiwa.

Akarudi kwa kundi lake. Ti, ti, ti, kimya. Akawaambia, "Bi Ndovu amesema niache nyama."

Alisema hilo tu. Hakusema kwamba ini ndilo lililomzidishia. Aliwatazama nyuso zao, wale waliombebea ini bila kuligusisha vumbi, wale walioimba. Akaona haya. Utamwambiaje mtu kwamba zawadi yake ndiyo iliyokuumiza? Akalimeza neno hilo. Likakaa tumboni.

Wa kwanza kusema alikuwa Kidomo, mtoto wa Bi Shungi, kijana asiyeweza kukaa na neno mdomoni.

"Mama mkubwa, kwa hiyo swala sasa ni mwenzako? Mtakutana machungani?"

Wakacheka.

"Na ukianza kutoa maziwa, mama mkubwa, utuambie mapema tutafute kibuyu."

Wakacheka zaidi. Bi Marakaraka naye akacheka. "Nikianza kutoa maziwa, Kidomo, wa kwanza kuja kunyonya ni wewe. Hujaacha ziwa vizuri."

Lakini Bwana Taya hakucheka. "Dada, sikukatazi," alisema. "Mwili ni wako. Ila fungu la mgonjwa tulipeleke wapi?"

"Kuleni, kaka."

"Halijawahi kuliwa na mzima."

"Basi sijui."

Hata yeye Bwana Taya hakujua. Kwa hiyo wakafanya walivyozoea. Walipoua, wakatoa ini, wakalibeba, wakaliweka juu ya jiwe karibu na mgonjwa. Hawakuimba. Bi Marakaraka akageuza uso. Tai wakashuka, vuu, wakalichukua. Kundi zima likatazama.

Watoto, kuacha ulichozaliwa ukila si jambo dogo. Harufu ya nyama ilikuja na upepo, ikaingia puani kwa Bi Marakaraka, mate yakamjaa. Tumbo likalia ngru, ngru. Akaenda chini ya mkuyu, akala makuyu. Asubuhi makuyu. Mchana makuyu. Jioni makuyu. Hakula kingine. Uvimbe ukaanza kushuka, lakini kichwa kikawa chepesi na macho yakaona giza. Alipokwenda kwa Bi Ndovu alifika akiyumba.

"Umekula nini?"

"Makuyu, bibi."

"Na nini?"

"Makuyu."

"Mwanangu," alisema Bi Ndovu, "nilisema uache nyama. Sikusema uache kula."

Akamtembeza. Akamwonyesha viazi vya porini na namna ya kuvichimbua. Akamwonyesha njugu zilizojificha chini ya udongo, na kunde mwitu, na mchicha wa kando ya maji. Akamwambia asianze vyote kwa pupa. Leo kidogo, kesho kidogo, tumbo lijifunze. "Tumbo nalo ni mwanafunzi," alisema. "Ukilipiga halielewi."

Bi Marakaraka akafanya hivyo. Akachimbua, kwaru, kwaru. Akatafuna. Akanywa maji, akayachoka, akanywa tena. Bi Shungi akawa anamchimbulia na kumpondea, maana kucha za mgonjwa zilikuwa bado zinauma. Mwezi ukaandama, ukazeeka, ukaandama mwingine. Na siku moja Bi Shungi, akiwa amelala, alisikia kitu nyuma yake.

Ti-ti-ti-ti.

Aligeuka. Dada yake alikuwa amesimama kwa miguu minne.

"Nitakimbia, Shungi," alisema Bi Marakaraka. "Si leo. Lakini nitakimbia."

Ingekuwa ngano nyingine, tungeishia hapo, tukaenda kulala. Lakini tulieni kidogo.

Bi Marakaraka alikuwa amepona viungo, lakini alikuwa amekonda. Mbavu zilihesabika. Bi Ndovu alikuwa amesema itakuwa hivyo kwa muda, kisha mwili utajaa. Lakini aliyoyasema Bi Ndovu aliyasikia Bi Marakaraka peke yake. Kundi liliona mbavu tu.

Na mwaka ule mvua hazikuja. Nyasi zikakauka. Swala wakahama. Mbwa mwitu walitoka alfajiri wakarudi mchana, wakatoka tena, wakarudi tena, na midomo yao ilikuwa mikavu. Wakaanza kunong'ona.

"Mimi sisemi neno," alisema Bwana Taya. "Lakini fungu lilikataliwa lini? Na nyama ilianza kutukimbia lini?"

Wakageuka kumtazama Bi Marakaraka.

"Asiyekula nasi," alisema mmoja kutoka nyuma, "atalala nasi mpaka lini?"

Bi Shungi aliyasikia maneno hayo. Akatazama upande wa dada yake, akaziona mbavu. Moyo wake ukaumia pande mbili. Aliogopa dada yake atakufa kwa udhaifu. Aliogopa pia dada yake atafukuzwa, na mbwa mwitu aliyefukuzwa hana siku nyingi. Akawaza. Akasema moyoni, ini kidogo haliui. Ini limeponya mama zetu na bibi zetu. Nikimpa kidogo atapata nguvu. Na fungu litakuwa limeliwa, na nyama itarudi.

Hakwenda kumuuliza Bi Ndovu. Ng'ambo ya mto aliiogopa. Hakumuuliza dada yake. Alijua atasema hapana, na hapana ile hakutaka kuisikia.

Siku kundi lilipopata digidigi mmoja, Bi Shungi akalichukua ini. Akalianika juani mpaka likakauka. Akalisaga kwa jiwe, kwaru, kwaru, likawa unga. Akaponda viazi, akaponda njugu, akatia unga ule, akakamulia ukwaju juu yake ili kuficha harufu. Akakiweka mbele ya dada yake.

"Kula, dada. Leo nimekutilia ukwaju."

Akakaa mbele yake. Akamtazama mdomo.

Bi Marakaraka akainamisha kichwa. Akanusa. Akasimamisha masikio. Akainua macho, akamwona mdogo wake amekaa, shingo imenyooka, macho yanang'aa, mkia unapiga ardhi taratibu, pa, pa, pa.

Akameza.

"Kitamu?"

"Kitamu, mdogo wangu."

Na niwaambie ukweli, kilikuwa kitamu. Mwili wake ulikuwa umelikosa ini muda mrefu. Hilo nalo liwekeni kwenye hesabu.

Kesho yake Bi Shungi akaleta tena. Akaketi, akatazama. Bi Marakaraka akala. Keshokutwa vilevile. Bi Shungi akaanza kuimba polepole alipokuwa akiponda, akidhani hasikiki:

*Ale apone, ale apone,*
*ale arudi mbioni.*

Na mawingu yakaonekana, na kundi likaua, likaua tena. Bi Shungi akamnong'oneza kaka yake kwamba fungu linaliwa. Bwana Taya akashusha pumzi. Habari ikapita kutoka sikio hadi sikio. Wakaacha kunong'ona juu ya Bi Marakaraka. Wakarudi kulala karibu naye, mgongo kwa mgongo, kama zamani. Naye akaliona joto lile, akajua lilikotoka.

Kisha asubuhi moja: ti, ti, ti, kimya.

Bi Shungi akaona. Akasema, majani yameanza kumshinda. Akazidisha unga wa ini.

Ti, ti, kimya. Ti, ti, kimya.

Mwezi ulipoandama, Bi Marakaraka alijikokota mpaka kwa Bi Ndovu. Bi Ndovu akamtazama akija, akamtazama akilala. Hakupepea masikio.

"Umekula nini?"

"Viazi, bibi. Njugu. Kunde na mchicha."

"Na nini?"

"Ukwaju."

"Mguu wako unasema neno jingine."

Bi Marakaraka akatazama chini. Angesema, lakini angemtaja nani? Yule anayechimbua mpaka kucha zinavuja damu? Angesema, lakini kundi lingejua tena kwamba fungu halitakiwi, na joto la migongo lingeondoka. "Labda ugonjwa umezidi, bibi," alisema.

Bi Ndovu akainusa pumzi yake tena. "Mimi hutibu ninachoambiwa," alisema. "Nisichoambiwa nakizika. Nenda, mwanangu. Na ukipata neno, rudi hata kama mwezi haujaandama."

Hakurudi.

Siku zilizofuata uso wake ulivimba chini ya macho. Mkojo ukawa mchache, kisha ukakoma. Pumzi ikawa fupi, kama ya mtu anayepanda mlima, naye amelala. Mvua zilikuwa zimeanza. Nyasi zilikuwa zinachipua. Swala walikuwa wamerudi, na kundi lilikuwa linakimbia uwandani. Bi Marakaraka alisikia miguu yao kwa mbali, akafuatisha kwa masikio mpaka sauti ikapotea.

Bi Shungi alikuwa ameketi naye kichakani, mchana, mvua ikidondoka kwenye majani. Mbele yao palikuwa na chakula ambacho mgonjwa hakuweza tena kukigusa.

"Dada," alisema Bi Shungi, "nina neno."

"Najua."

"Hulijui. Nimekuwa nikikutilia ini. Nalisaga unga, nalitia kwenye viazi. Kila siku."

"Najua, Shungi."

"Umejua lini?"

"Tangu tonge la kwanza. Mimi ni mbwa mwitu. Ini litanipitaje puani?"

Bi Shungi akamkodolea macho. "Mbona ulikula?"

Bi Marakaraka akavuta pumzi, akaitafuta nyingine. "Ulikuwa umekaa mbele yangu, unanitazama mdomo. Ulikuwa umefurahi. Nikasema, nitamwambia kesho."

"Na kesho?"

"Kesho ulifurahi tena."

Mvua ikadondoka. To, to, to.

"Bi Ndovu alisema nini juu ya ini?" aliuliza Bi Shungi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kuuliza.

"Alisema nisilionje hata kwa ncha ya ulimi. Alisema ndilo lililonizidishia tangu mwanzo."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Hakusema hivyo kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja jina la mto. Kisha akalaza kichwa juu ya miguu ya mdogo wake. Akapumua. Akapumua. Akanyamaza, akapumua. Akanyamaza.

Bi Shungi alingoja pumzi nyingine mpaka kundi liliporudi.

Wakamzunguka. Wakalia ile sauti ya mbwa mwitu aitaye mwenzake aliyepotea, huu, huu, huu. Kidomo, mwenye mdomo wote ule, akajilaza tu na pua yake ikigusa mkia wa mama yake mkubwa.

Walipokwisha kulia, Bwana Taya akasema, "Mmeona wenyewe. Fungu limerudi kuliwa kwa kuchelewa, majani yamekwisha kumuua dada yetu. Mbwa mwitu asiache nyama. Liwe neno la kundi."

Wakaitikia kwa vichwa. Ndiyo. Majani. Wengine walikuwa wamesema tangu mapema.

Bi Shungi alikuwa ameketi. Hakuna aliyemshuku. Angekaa kimya, angelala salama, na kila mtu angempa pole. Akasimama.

"Si majani," alisema. "Majani yalimsimamisha. Mlimwona kwa macho yenu akisimama kwa miguu minne. Ni ini. Nililisaga, nikalificha kwenye chakula chake. Bi Ndovu alimkataza, mimi sikuuliza. Yeye alijua, akala, ili mimi nisihuzunike, na ili nyinyi mlale karibu naye."



"Nyamaza, Shungi," alisema mbwa mwitu mmoja mzee, kwa upole. "Huzuni imekuvuruga. Ini halijamuua mtu tangu dunia iumbwe."

"Limemuua dada yangu."

Bwana Taya aligeuza uso kutazama mvua. Hakusema kwamba ameamini, wala hakusema kwamba hajaamini. Na hilo neno lake la kundi hakulirudia tena.

Wengine waliamini. Wengine hawakuamini mpaka walipozeeka na vidole vyao wenyewe vikavimba. Bi Shungi akawa anakwenda kwa kila mmoja wao, asubuhi kabla ya kuwinda na jioni kabla ya kula. Anamsogelea, anamnusa mdomo, anamuuliza kwa sauti nyembamba: umelalaje, unaumwa wapi, unaweza kula nini? Mwanzoni walimwonea huruma, wakamjibu ili kumridhisha. Kisha wakazoea. Kisha wakaanza kuulizana wenyewe.

Ndiyo maana mbwa mwitu, kabla hawajakwenda kuwinda, husogeleana pua kwa pua, wakanusana midomo, wakalia sauti nyembamba kama za ndege. Ukizisikia usidhani wanacheza. Wanaulizana.

Lakini Bi Marakaraka hakusimama. Ngano nyingine humfufua mtu mwishoni. Hii haiwezi.

Watoto, na nyinyi wa ukutani, mafunzo yenyewe ni haya. Mgonjwa halishwi kwa mapenzi peke yake. Hulishwa kwa kujua. Chakula kilichomponya bibi yako chaweza kumuua dada yako. Kwa hiyo, ukimpenda mgonjwa, muulize kabla ya kumpakulia. Na ukiwa wewe ndiye mgonjwa, sema, hata kama anayekulisha amekaa mbele yako anatabasamu.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye mgonjwa nyumbani asinisubiri mimi; aende sasa akamuulize.